Mgebuka si Kuhe: Deni la Mwalimu Mmoja wa Ujiji



Juzi, baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja wa jirani alipiga hodi barazani kwangu hapa Ujiji. Yuko kidato cha tano, mchepuo wa sayansi. Mkononi alikuwa na karatasi ya mtihani imekunjwa mara nne, na mtu akikunja karatasi hivyo ujue hataki ionekane.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umepata ngapi?”

Hakunijibu. Alinionyesha swali moja tu. Wametakiwa kulinganisha nguvu za besi kadhaa kwa kuangalia asidi zinazotokana nazo. Yeye ameandika: asidi ya siki ni dhaifu, kwa hiyo besi mwenza yake ni besi yenye nguvu. Pembeni pana mkasi mwekundu, mkubwa, wa hasira.

“Kwani nimekosea wapi, babu? Mama ndiye alinielekeza hivyo. Na mama anasema ulimfundisha wewe.”

Basi nikanyamaza. Mama yake namkumbuka vizuri, alikaa dawati la mbele, hati yake nzuri. Na sentensi ile naikumbuka pia, kwa sababu niliiandika ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka: asidi dhaifu, besi mwenza yenye nguvu, asidi yenye nguvu, besi mwenza dhaifu. Ina mdundo kama wa kuruka kamba, wanafunzi wanaishika mara moja. Tatizo ni kwamba nusu yake si kweli. Mazungumzo ya leo ni ya kulipa deni hilo.

Tuanze na majina. Mwaka 1923 wanakemia wawili, Brønsted wa Copenhagen na Lowry wa Cambridge, kila mmoja kivyake, walikuja na maelezo yanayofanana. Asidi, walisema, ni kitu kinachotoa protoni. Besi ni kitu kinachoipokea. Protoni hapa ni haidrojeni iliyopoteza elektroni yake, chembe ndogo kupita kiasi, na haikai peke yake hata kidogo: ikitoka kwa huyu lazima ishikwe na yule. Sasa, asidi ikishatoa protoni yake, kile kinachobaki kinaweza kuipokea tena. Kwa hiyo kilichobaki ni besi. Hiyo ndiyo besi mwenza. Kila asidi ina mwenza wake, na kila besi hali kadhalika, na tofauti ya wawili hao ni protoni moja tu.

Nguvu ya asidi ni nini basi? Hapa Kiswahili chetu kinatuponza kidogo. Neno tindikali limebeba “kali” ndani yake, na sisi tukisikia kali tunafikiria pilipili, jua la saa saba, mbwa wa tajiri. Katika kemia nguvu ya asidi ni wepesi wa kuachia protoni, basi. Asidi yenye nguvu ni mtu wa mkono wazi: ukiitia kwenye maji inagawa protoni zake zote. Asidi dhaifu ni bahili. Kati ya chembe mia inaachia moja, au hata moja haifiki, nyingine zote zinang’ang’ania. Na mwenza hurithi tabia kwa kinyume chake. Aliyetoa kwa moyo mweupe hadai arudishiwe, kwa hiyo besi inayobaki haina hamu ya protoni. Bahili aliyenyang’anywa anataka chake kirudi, kwa hiyo besi inayobaki ina hamu.

Mpaka hapo sentensi yangu ya ubaoni ilikuwa sawa. Ilipoharibika ni pale niliposema hamu hiyo, iwe kiasi gani, inatosha kuitwa nguvu.

Niwape mfano wa mwaloni Kibirizi, maana pale hakuna asiyewajua samaki. Dagaa ni urefu wa kidole. Weka mgebuka kando yake, utasema mgebuka ni mkubwa, na hujakosea. Sasa mlete kuhe, yule anayefika karibu urefu wa mkono mzima. Je, mgebuka bado ni mkubwa? Ni mkubwa kuliko dagaa. Hajawa mkubwa kwa sababu tu dagaa ni mdogo. Niliwafundisha watoto wa watu kumwita mgebuka kuhe, na nikawapa na alama za vema.

Tuwapange hao samaki wetu sasa. Wanakemia wana namba inayoonyesha ubahili wa asidi: namba ikiwa ndogo, au chini ya sifuri, asidi inaachia upesi, namba ikipanda, inang’ang’ania. Kila hatua moja ni mara 10, kwa hiyo tofauti ya hatua tatu ni mara 1,000. Besi nazo zina namba yao ya namna hiyo hiyo, ndogo ikiwa na maana ya nguvu. Na kuna sheria moja ambayo ningekuwa nimeiandika ubaoni badala ya ule wimbo, leo nisingekuwa nalipa deni: kwenye maji ya nyuzi 25, namba ya asidi na namba ya besi mwenza yake zikijumlishwa zinapata 14. Daima. Asidi ya siki ni 4.76. Toa kwenye 14, mwenza wake anapata 9.24. Hiyo ni besi dhaifu, tena dhaifu hasa. Wote wawili ni dhaifu, baba na mwana. Hakuna kilichowazuia kuwa hivyo isipokuwa chaki yangu.

Chukua chumvi ya Uvinza. Wenyeji wa bonde la Ruchugi wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zile na kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanaakiolojia Sutton na Roberts walichimba pale miaka ya 1960 na kukuta vyungu na majiko ya kale sana. Chumvi ile ni sodiamu na kloridi. Kloridi ni mwenza wa asidi ya haidrokloriki, ileile iliyomo tumboni mwetu, ambayo namba yake iko chini ya sifuri. Asidi ile imetoa kila kitu, kwa hiyo kloridi haitaki chochote. Ndiyo maana maji ya chumvi safi si asidi wala si besi. Yana ladha, yanahifadhi samaki, yanachoma kidonda, lakini ukiyauliza kuhusu protoni hayana habari. Huyu ndiye dagaa wetu.

Kuhe ni nani? Ni haidroksaidi, ile iliyomo kwenye kostiki soda. Mwenza wake ni maji yenyewe, na maji kama asidi ni bahili wa mabahili. Ukimnyang’anya maji protoni, kilichobaki kinaitafuta kwa udi na uvumba, kitaichukua hata kwenye ngozi ya mkono wako.

Na mgebuka? Huyo tunaoga naye kila siku, wasikilizaji. Ni ziwa lenyewe.

Maji ya Ziwa Tanganyika si kama ya mvua wala ya kisima cha Kasulu. Ukiyapima kwa kipimo cha pH, kile alichokibuni Sørensen wa Denmark mwaka 1909 akiwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia, maji ya juu yanasoma karibu 9. Saba ndiyo katikati, kwa hiyo ziwa letu liko upande wa besi. Ukitaka kuona mwenyewe bila kipimo, chemsha maua ya rozela kwenye maji ya mvua, upate ule wekundu mzito, kisha dondosha matone machache kwenye glasi ya maji ya ziwa. Wekundu unakufa, rangi inageuka ya samawati iliyochafuka au kijani cha kijivu. Rozela haisemi uongo.

Besi iliyomo ziwani ni bikabonati. Imetoka wapi? Hewa ya ukaa ikiyeyuka kwenye maji inatengeneza asidi ya kaboniki, asidi dhaifu, namba yake 6.35. Asidi hiyo, pamoja na udhaifu wake, ikipewa miaka maelfu inakula miamba, hasa miamba ya volkano kule Virunga na kandokando ya Ziwa Kivu. Inaacha magnesiamu, sodiamu na potasiamu, na yenyewe ikishatoa protoni inabaki bikabonati. Mzigo huo unashuka kwa mto Rusizi. Zamani Kivu haikumwaga maji huku. Ni miaka kama 10,000 iliyopita ndipo ilipofurika kuelekea kusini, na tangu hapo chumvichumvi nyingi za ziwa letu zinatoka huko.

Rusizi, tukiwa hapohapo, uliwahi kuwa na kesi. Burton na Speke walipofika hapa Ujiji mwaka 1858 walitaka kujua kama mto ule unaingia ziwani au unatoka, maana ukitoka ungeweza kuwa Nile. Wenyeji waliwaambia, lakini hawakufika kujionea. Livingstone na Stanley waliposhika mtumbwi kwenda huko Novemba 1871, baada ya ile salamu maarufu ya chini ya mwembe, waliona mto unaingia. Kwa watafuta Nile hiyo ilikuwa habari mbaya. Kwa mkemia ni habari muhimu kupita ile salamu.

Sasa sikilizeni hesabu, nitaisema polepole. Kila lita ya maji ya ziwa ina takribani gramu 0.4 za bikabonati. Si haba. Kama bikabonati ingekuwa besi yenye nguvu, kama sentensi yangu ya ubaoni inavyodai kwa kuwa imezaliwa na asidi dhaifu, basi kiasi hicho kingetosha kuipandisha pH ya ziwa hadi karibu 12. Maji ya pH 12 yanaunguza macho. Hakuna dagaa, hakuna mgebuka, hakuna mtoto wa Katonga anayeogelea. Kigoma isingekuwa na sababu ya kuwepo. Lakini pH ni 9, maana yake haidroksaidi iliyopo ni kiasi cha moja kwa kila chembe mia sita na kitu za bikabonati. Namba ya bikabonati kama besi ni 14 kutoa 6.35, yaani 7.65. Inataka protoni, ndiyo, lakini kwa adabu. Ikiletewa inapokea, haimvamii mtu.

Adabu hiyo ndiyo inayolishikilia ziwa. Usiku viumbe wa majini wanapumua, wanatoa hewa ya ukaa, asidi inaongezeka. Bikabonati na mwenzake kabonati wanaimeza. Mchana mwani unakula hewa ya ukaa, asidi inapungua. Bikabonati inaachia kidogo. Jozi ya asidi dhaifu na besi dhaifu inakaa kama mlinzi wa mlango, na pH inayumba kidogo tu. Ukitaka kuona mambo yakizidi, nenda Ziwa Natron, ambako kabonati imejaa na pH inapita 10. Kule utakuta heroe na samaki wachache waliozoea shida. Kwetu sisi kuna mamia ya aina za samaki.

Hata konokono wananufaika. Sakafu ya ziwa letu sehemu nyingi imetandazwa makombe matupu ya konokono wa zamani, na humo ndani wanaishi samaki wadogo wanaotaga kwenye kombe na kulilinda kama nyumba ya urithi. Kombe ni kabonati ya kalsiamu. Kwenye ziwa la maji ya asidi, protoni zingeivamia ile kabonati na kombe lingeyeyuka kidogokidogo. Hapa linadumu, vizazi kwa vizazi vinapangana.

Naona nimekaa sana majini. Twende jikoni.

Nilimwambia yule kijana alete vikombe vitatu. Cha kwanza chumvi na maji, cha pili magadi na maji, cha tatu maji yaliyokorogwa sabuni ya mche ya mawese. Nikakata limau. Asidi ya limau, kwa protoni yake ya kwanza, namba yake ni kama 3. Nikamwambia sheria ya vita hii: protoni hutoka kwa asidi yenye nguvu zaidi kwenda kwa besi yenye nguvu zaidi, na baada ya hapo wanaobaki uwanjani ni wale dhaifu wa kila upande. Usiangalie jina, angalia nani amempita nani.

Tukakamua limau kwenye chumvi. Kimya. Limau haliwezi kuilazimisha kloridi ipokee, kwa kuwa asidi ya kloridi ina nguvu kuliko limau.

Tukakamua kwenye magadi. Povu likafura mpaka likamwagika mezani. Limau la 3 linaishinda asidi ya kaboniki ya 6.35, linaisukumia protoni kabonati na bikabonati, asidi ya kaboniki inazaliwa na palepale inavunjika, hewa ya ukaa inatoka mbio. Ndicho hicho hicho kinachotokea tumboni kwa mtu mwenye kiungulia akinywa dawa ya bikabonati, na ndiyo maana anacheua.

Tukakamua kwenye sabuni. Hapa kijana alishangaa. Maji yakawa meupe kama tui, povu likafa, na baada ya muda uchafu mweupe wa mafuta ukaelea juu. Sabuni ilikuwa imerudi kuwa asidi ya mafuta.

Wakati huo mama yake naye alikuwa amefika, amesimama mlangoni na khanga yake begani. Yeye sasa anatengeneza sabuni, ya mawese na mise, anaiuza Mwanga na Gungu.

“Mwalimu, shikamoo. Naona unaniharibia sabuni.”

“Marahaba, mwanangu. Nalipa deni lako.”

“Basi niambie, sabuni yangu ni besi yenye nguvu au dhaifu? Maana wateja wananiuliza kama inachubua.”

Swali zuri kuliko la mtihani. Nikamjibu hivi. Unapotengeneza sabuni unaanza na kuhe: haidroksaidi ya kostiki. Inayavunja mafuta ya mawese, na kila asidi ya mafuta inayotoka, namba yake kama 5, inampa haidroksaidi protoni yake bila kubishana, kwa sababu asidi ya 5 iko mbali sana mbele ya maji. Ndiyo maana kazi ile haiishii njiani. Mwishoni, kama umepima vizuri, haidroksaidi imekwisha yote, na ulichonacho ni mwenza wa asidi ya mafuta. Kumi na nne kutoa tano, tisa. Besi dhaifu. Ndiyo maana sabuni inateleza mkononi kidogo, inageuza rozela rangi, lakini unaogea nayo mtoto. Ikichubua, kosa si la sabuni; ni kostiki iliyozidi na haijapata mafuta ya kuikamata. Mzani wako ndio wa kuulizwa, na muda wa kuiacha ikomae.

Bibi zetu hawakuwa na kostiki. Walichuja majivu, wakapata maji yenye kabonati ya potasiamu, besi dhaifu kuliko haidroksaidi, na kwa hiyo walichemsha siku nzima; na kwa sababu ya potasiamu hiyo, sabuni ikatoka laini. Wenye haraka ya leo wanatumia kostiki. Sawa, lakini kwa kuwa kati ya vyote nilivyovitaja jioni hii huyu ndiye mwenye nguvu kwelikweli, nawaomba: kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole, maji hayamwagiwi juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Na msikorogee kwenye sufuria ya alumini. Itaitoboa, tena ikitoa haidrojeni inayowaka. Ndoo ya plastiki ngumu, miwani, na watoto wakae mbali. Ikikurukia jichoni, maji mengi, dakika nyingi, kisha hospitali. Usijaribu kuituliza kwa limau.

Kuna kosa la pili linalotokana na neno nguvu, na hili ni la kudhani kwamba dhaifu maana yake salama. Muhogo mchungu una kitu ambacho ukiusaga au kuuloweka kinatoa asidi ya sianidi. Namba yake ni 9.2. Ni dhaifu kuliko siki, dhaifu kuliko limau, dhaifu hata kuliko ile ya kaboniki iliyomo kwenye soda. Na inaua. Sumu yake inatokana na jinsi sianidi inavyozuia mwili kutumia oksijeni, haihusiani na kuachia protoni upesi au kwa kuchelewa. Halafu angalieni maajabu: udhaifu huohuo ndio unaotuokoa. Kwa kuwa asidi hii inang’ang’ania protoni yake, ndani ya maji ya kulowekea, ambayo yamechachuka, karibu yote inabaki nzima, na ikiwa nzima inachemka kwenye nyuzi 26 tu. Jua la Kigoma linaipita. Muhogo uliolowekwa siku za kutosha, ukavunjwavunjwa na kuanikwa, unaiachia iende hewani. Ingekuwa asidi yenye nguvu ingeachana na protoni, ingebaki imefungwa na chumvichumvi ndani ya unga, na ugali wetu wa muhogo ungekuwa hadithi nyingine. Kwa hiyo mtu akikwambia njaa imebana, tuanike siku moja tu, mkatalie.

La mwisho, la wenye biashara ya samaki wa mapambo. Wale samaki wa rangi wanaosafirishwa kutoka Kigoma kwenda kuwekwa kwenye matangi ya kioo Ulaya na Marekani wanahitaji maji yanayofanana na ya nyumbani, na wafugaji huko wanatia bikabonati kwenye maji ya bomba kuipandisha pH. Hapo ndipo wengi wanapopoteza samaki. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia. Amonia ni besi, mwenza wake ni amoniamu, asidi ya namba 9.25. Kwenye maji ya pH 7 karibu yote imeshika protoni, ni amoniamu, haina madhara makubwa. Amonia yenyewe haifiki hata asilimia 1. Ipandishe pH hadi 9, na zaidi ya theluthi moja inaachia protoni na kuwa amonia tupu, inayopenya kwenye mashavu ya samaki na kumuua. Uchafu uleule, samaki walewale. Ziwa kubwa la kina cha mita 1,470 linaweza kuumeza uchafu mwingi kabla halijalalamika. Ghuba ndogo iliyofungwa haiwezi, na pH yake ni ileile 9. Wanaoelekeza mitaro ya choo kwenye Ghuba ya Kigoma wakumbuke kwamba maji yetu hayana msamaha ambao maji ya mito ya bara yanao.

Kijana aliondoka na jibu jipya. Aliliandika mwenyewe, mimi sikumwambia maneno: besi ya siki ina nguvu kuliko kloridi, haiifikii haidroksaidi, na ukiipima peke yake ni dhaifu. Mama yake alilisoma, akanitazama, hakusema kitu. Alichukua limau lililobaki akaenda nalo.

Somo hili watoto wetu wanalisomea Kiingereza, na nadhani ndiyo sababu ule wimbo wangu uliwakaa. Mtu anayesoma kwa lugha ya kukariri hukariri. Lakini Kiswahili kina neno dogo linalotosha kabisa. Kama ulipita kwenye darasa langu na daftari lako la kemia bado liko sandukuni, lifungue kwenye ukurasa wa asidi na besi. Pale palipoandikwa “besi mwenza yenye nguvu,” ongeza “kuliko,” halafu utaje kuliko nani. Na kama umeshakuwa mwalimu, tafadhali fanya hivyo kabla ya kipindi cha Jumatatu.